Unataka feloshipu ya utafiti wa kilimo au mazingira na uko Uganda? Anzia hapa

Kila wiki napata maswali yale yale. Dada mmoja wa Soroti anauliza aanzie wapi kutafuta feloshipu, yaani pesa za kusomea au kufanyia utafiti, kijana wa Arua anauliza kama daraja la pili la chini la shahada linamfungia mlango, mwingine ametumiwa ujumbe atume laki mbili kwa Mobile Money "ya kufungua faili" na anataka kujua kama ni kweli. Nimeona niandike yote mahali pamoja na niandike kwa Kiswahili, manake maelezo ya Kiingereza yapo mengi lakini yanaongea kama vile msomaji tayari ana profesa wa kumpigia simu.

Jambo moja kwanza. Wengi wetu tunasubiri tangazo, alafu likitoka ndo tunaanza kuwaza tutatafiti nini na kwa nani. Geuza hiyo. Swali lako na mtu atakayekupokea viwepo kabla tangazo halijatoka, kwa sababu likishatoka unabaki na wiki chache tu, na wiki chache hazitoshi kumfanya mtu asiyekujua akuamini mpaka aweke sahihi yake kwenye barua.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Cheti na transkripti, vimeskaniwa vizuri kwa rangi, kila kimoja PDF yake. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole haifai.
- Pasipoti. Usisubiri ushinde ndo ukaitafute.
- Majina yanayofanana kwenye kitambulisho cha taifa cha NIRA, pasipoti na transkripti. Nitarudi kwa hili huko chini, limewakwamisha wengi.
- CV ya kurasa mbili. Toa dini, toa hali ya ndoa, toa shule ya msingi.
- Akaunti ya ORCID, yaani namba yako ya utambulisho kama mtafiti, ni bure na dakika tano umemaliza.
- Barua ya chuo inayosema ulisomea kwa Kiingereza. Sehemu nyingi zinaikubali badala ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS ambao ni ghali, kwa hiyo waulize kabla hujalipia mtihani.
- Watu wawili au watatu watakaokuandikia barua, na wajue mapema.
- Folda moja ya haya yote iliyo kwenye laptopu na nakala yake mtandaoni. Laptopu zinaibiwa kwenye taxi, hasa za jioni.

Hatua 1. Jua ni feloshipu ya aina gani inakufaa

Watu wanatupa zote kwenye kikapu kimoja, kumbe ziko tofauti sana.

Kama unatafuta masters au PhD nzima, kuna DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, ambayo inalipia kusoma hapa hapa Afrika, ila angalia sharti lao, shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Kama wewe ni mwanamke na una masters ya sayansi, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi la Trieste kule Italia, inalipia PhD ukasomee nchi nyingine inayoendelea, na Uganda imo kwenye orodha yao. Kama unapenda wadudu, iwe nyuki, viwavijeshi au nzi wa matunda, icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ina programu ya PhD inaitwa ARPPIS, ipo tangu 1983.

Kama tayari uko kwenye PhD hapa na unataka kukaa muda kwenye maabara ya nje, Commonwealth wana mpango wa kwenda chuo cha Uingereza mpaka miezi 12 huku ukibaki umesajiliwa kwenu. ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, kupitia programu ya ABCF imekuwa ikipokea watafiti wa Afrika wakafanya kazi ya maabara miezi kadhaa. Kwa watu wa mabadiliko ya tabianchi kuna feloshipu ya Humboldt ya Ujerumani, lakini lazima uje na mwenyeji mkononi, yaani mtafiti aliye Ujerumani aliyekubali kukupokea. AWARD, nayo ya Nairobi, ni ya wanawake watafiti wa kilimo na uzito wake uko kwenye malezi ya kitaaluma zaidi kuliko karo.

Na kama kazi yako ni ya uhifadhi, msitu, kinamasi, ndege, Rufford ya Uingereza inatoa pesa ndogo za mradi. Hawa hawataki utafiti wa kuweka kabatini, wanataka waone mnyama au msitu unafaidikaje.

Sasa hili wengi hawalijui. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika kwa ajili ya kilimo, ambao sekretarieti yao iko hapa hapa Makerere, wana ruzuku ambazo hazipewi mwanafunzi. Zinaenda kwa mhadhiri, alafu yeye ndo anachukua wanafunzi wa masters ndani ya mradi wake. Kwa hiyo unaweza kukaa mwaka mzima unatafuta tangazo la mwanafunzi na halipo, wakati mhadhiri mwenye pesa yuko ghorofa ya pili ya jengo lenu anatafuta mtu. Nenda ukabishe hodi.

Angalia pia hali ya dunia. USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa 2025 na miradi mingi iliyokuwa inaitegemea ikasimama, kwa hiyo orodha uliyotumiwa ya mwaka 2022 usiiamini mpaka umefungua tovuti yenyewe ya wanaotoa pesa ukaona tarehe ya mwaka huu.

Hatua 2. Punguza swali lako mpaka liwe dogo

Hapa kaa sana, usiharakishe. Maombi mengi ninayosomeshwa na vijana yana kichwa kama "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kilimo nchini Uganda". Hilo si swali, ni wizara nzima.

Nikuonyeshe jinsi mimi nilivyopunguza la kwangu. Nimezaliwa upande wa Tororo, kwetu chakula ni muhogo na mtama. Mama alikuwa anang'oa muhogo ambao majani yake juu ni mazuri kabisa, akiukata kwa kisu ndani anakuta mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo, anakata kipande anatupa, anakata tena anatupa, mwisho nusu ya beseni imeenda kwa mbuzi. Ule ndo ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Unaenezwa na inzi weupe, na unaenezwa na sisi wenyewe tunapopeana vipando vilivyokwisha kuambukizwa.

Kwa hiyo nilianza na "magonjwa ya muhogo Uganda". Nikapunguza ikawa "michirizi ya kahawia Tororo". Nikapunguza tena, ikawa hivi: vipando vya aina moja iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Namulonge, ambavyo wakulima wanagawana wenyewe kwa wenyewe, baada ya misimu mitatu vina ugonjwa kiasi gani ukilinganisha na vya mzalishaji wa mbegu aliyesajiliwa? Sasa hapo unaona mtu anaweza kuhesabu. Mashamba mangapi, mimea mingapi kwa shamba, majani gani yaende maabara, nani analinganishwa na nani.

Jipime hivi: kama huwezi kumweleza mama yako utafanya nini Jumatatu asubuhi ukifika shambani, bado ni kubwa.

Na usidharau vya kwenu. Kutu ya ngano inayoitwa Ug99 duniani kote, hiyo Ug ni Uganda, ilionekana hapa 1998 na dunia nzima ya ngano ikashtuka. Mnyauko wa migomba, ile kiwotoka, uliripotiwa hapa 2001. Tatizo la shamba la jirani yako linaweza kuwa ndo hilo wanalolitafuta watafiti wa Nairobi na wa Wageningen kule Uholanzi, ila wewe unalijua kwa macho.

Hatua 3. Tafuta mwenyeji

Mwenyeji ni mtafiti atakayekubali kwa maandishi kwamba utafanyia kazi kwake. Anzia karibu. NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, wana vituo kila upande wa nchi: Namulonge kwa muhogo, mahindi na maharage, Kawanda kwa migomba na udongo, Serere kwa mtama, ulezi na karanga, Jinja kwa samaki, na vile vya kanda kama Abi kule Arua, Ngetta Lira, Nabuin Karamoja. Watu wa misitu wana Budongo, wana Kanyawara pale Kibale ambacho ni kituo cha Makerere, na Ruhija ndani ya Bwindi ambacho ni cha chuo cha Mbarara. IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, nao wana watafiti wao hapa hapa.

Soma makala mbili za huyo mtu kabla hujamwandikia. Mbili zinatosha lakini uzisome kweli. Alafu imeili yako iwe fupi, ionekane yote kwenye simu bila kusogeza sana. Utaiandika kwa Kiingereza ila mpangilio wake ni huu:

Mstari wa kwanza, wewe ni nani na uko wapi. Wa pili, kitu kimoja maalum kutoka kwenye makala yake kilichogusa swali lako. Wa tatu na wa nne, swali lako. Wa tano, unaomba nini: "Naomba kujua kama ungekubali kunipokea miezi sita endapo nitapata feloshipu ya fulani, maombi yanafungwa mwezi wa tisa." Basi. CV umeambatisha, shukrani, jina.

Makosa ninayoyaona: kutuma imeili moja kwa watu thelathini na wote wanaonana, kumuita mama "Dear Sir", kuandika historia ya umaskini wa familia kurasa mbili. Umaskini ni wa kweli, mimi mwenyewe nimesomeshwa kwa mbuzi wa bibi, lakini mtu wa maabara anataka kujua kama utaweza kazi.

Asipojibu wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa heshima. Asipojibu tena, nenda kwa mwingine, wala usichukie.

Hatua 4. Andiko, na kalenda ya mvua

Andiko, yaani maelezo ya utafiti unaoomba kuufanya, lifuate kichwa kwa kichwa vile walivyosema wao. Wakisema kurasa tatu, ni tatu. Tatizo, swali, mbinu, ratiba, faida. Mbinu ndo ichukue nafasi kubwa, na wengi wanaiandika aya moja tu wanajaza ukurasa mzima na umuhimu wa kilimo kwa uchumi wa taifa, kitu ambacho kila anayesoma anakijua.

Ratiba ndo iliniangusha mimi. Ombi langu la kwanza niliandika nitapanda muhogo mwezi wa tatu, nivune mwezi wa nane, kwa sababu feloshipu ilikuwa ya miezi sita na nilitaka itoshee. Majibu yalikuja na mstari mmoja wa msomaji wao, anauliza ni aina gani ya muhogo inayokomaa kwa miezi mitano. Niliusoma nikiwa kwenye taxi ya kwenda Mbale, kutoka Jinja mpaka Iganga sikuongea na mtu. Mtoto wa mkulima mimi, na nilijua kabisa muhogo unakaa ardhini mwaka.

Kwa hiyo chora kalenda kwanza kwenye karatasi. Kusini na maeneo ya kati mvua ni mara mbili, Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba hivi. Kaskazini, na hasa Karamoja, msimu ni mmoja mrefu na ukikosa umekosa mwaka. Weka juu yake miezi ya feloshipu. Kama zao haliingii, usilazimishe, badilisha mbinu: nenda kwenye mashamba ambayo tayari yamepandwa, chukua sampuli za majani, au fanya kazi na sampuli zilizohifadhiwa. Mimi ndo nilifanya hivyo ombi lililofuata. Weka pia wiki za barabara kuharibika, ukisema utafika Bundibugyo au Bududa katikati ya mvua kubwa kila wiki, anayejua nchi hii atajua hujawahi kwenda.

Hatua 5. Bajeti

Fupi tu. Usizidishe na usipunguze ili waone wewe ni rahisi. Mafuta au boda, posho ya msaidizi wa shambani, kemikali za maabara, bima, viza, MB. Andika bei ya kweli, uliza maabara wenyewe kipimo kimoja ni shilingi ngapi alafu zidisha kwa idadi ya sampuli. Watu wanasahau kuzidisha.

Hatua 6. Barua za mapendekezo

Mwandikie kila mmoja angalau wiki nne kabla, mtumie ukurasa mmoja wenye tangazo, swali lako, na vitu vitatu ulivyofanya chini yake ambavyo anaweza kuvitaja. Wahadhiri wetu wana wanafunzi wengi mno, hakumbuki kwamba wewe ndo uliyekaa Kabanyolo, kwenye shamba la chuo, likizo nzima unapima udongo, mkumbushe. Mwambie pia atumie imeili ya chuo, mifumo mingine inaikataa ya Gmail. Wiki moja kabla ya mwisho, mpigie. Kupiga simu siyo kukosa adabu, mwalimu mmoja aliniambia yeye anangoja simu ndo ajue nani yuko siriasi.

Hatua 7. Vibali, uviandike kwenye mpango

Ukihoji watu, unaanza na kamati ya maadili ya utafiti, alafu UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, na siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wao wa mtandaoni wa NRIMS. Ukiingia hifadhi za wanyama unahitaji kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori, misitu ya serikali kuu ni cha NFA, mamlaka ya misitu. Sampuli za mimea au udongo zikitoka nje ya nchi kuna cheti cha afya ya mimea cha wizara ya kilimo, na mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi mbili. Hivi vitu vinachukua miezi, usiviwekee wiki moja. Ukifika wilayani pita ofisi ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, na kijijini usianze kabla ya kumuona mwenyekiti wa LC1. Nimeona mtu mwenye barua zote za Kampala anafukuzwa kijijini kwa sababu wazee walidhani anapima ardhi ya kuuza, na wana haki ya kuogopa.

Hatua 8. Kutuma

Tuma siku tatu kabla. Soma saa vizuri: saa 17:00 ya Ujerumani wakati wao wa baridi, kwetu ni saa moja usiku, na wakati wao wa joto ni saa kumi na mbili jioni. Saa 23:59 ya GMT kwetu ni saa tisa kasoro dakika moja usiku wa kuamkia kesho yake. Baada ya kutuma pakua nakala yenye namba ya ombi, uihifadhi.

Hatua 9. Intavyuu

Ni kwa video, dakika ishirini au thelathini. Tafuta sehemu yenye umeme wa uhakika, chaji kila kitu, weka MB kwenye simu ya pili. Watakuuliza mbinu, na karibu kila mara watauliza "mambo yakiharibika utafanyaje", mvua isiponyesha, maabara ikikosa kemikali. Uwe na jibu la mpango wa pili. Kama hujui kitu, sema hujui na useme ungemuuliza nani.

Mambo yakikwama

*Wanadai pesa.* Feloshipu ya kweli haikuombi pesa ya kufungua faili, wala haitumi namba ya simu ya mtu binafsi. Chuo kinaweza kuwa na ada ya maombi ya kujiunga, hiyo ipo na inalipwa kwenye akaunti ya chuo, lakini mtu anayekwambia "umeshachaguliwa, tuma kwanza" ni mwizi. Fungua tovuti rasmi mwenyewe kwa kuandika anwani, usibonyeze linki aliyokutumia.

*Daraja langu la pili la chini.* Matangazo mengi yanataka la juu, yaani kwa Makerere CGPA 3.60 kwenda juu, na hapo ukiomba mfumo unakutoa kabla mtu hajakusoma. Usipoteze muda hapo. Fanya kazi kama msaidizi wa utafiti kwenye kituo cha NARO au mradi wa mhadhiri, jina lako liingie kwenye makala hata moja, ufanye masters kwa alama nzuri. Ukiomba PhD watu wanaangalia zaidi masters na kazi zako. Pesa za miradi ya uhifadhi zinajali mradi kuliko daraja.

*Majina hayafanani.* Transkripti inasema Okoth John, pasipoti John Okoth Peter. Tengeneza hati ya kiapo kwa wakili mapema na uiambatishe, au rekebisha NIRA kabla ya pasipoti. Ukingoja ubalozi ndo ukugundulie, umechelewa.

*Faili inakataa kupanda.* Karibu kila mara ni kubwa kuliko kiwango chao, au jina la faili lina alama za ajabu. Skani upya kwa ukubwa mdogo, ipe jina fupi bila nafasi, jaribu asubuhi mapema mtandao ukiwa mwepesi.

*Mimi ni afisa ugani, bosi hataki kuniachia.* Omba likizo ya masomo kwa maandishi kwa CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, kabla hujatuma maombi, uwe na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Baadhi ya feloshipu zinataka barua ya mwajiri inayosema utarudi kazini.

*Nimekataliwa bila sababu.* Andika imeili ya mistari miwili uombe maoni ya waliosoma. Wengine hawatoi, wengine wanatoa. Yangu ilipita mara ya tatu, swali lilikuwa lile lile la vipando, vilivyobadilika ni kalenda na barua ya mwenyeji.

*Nimeshinda lakini wanarudisha pesa baadaye.* Hii inawaumiza watu kimya kimya. Wengine wanataka ununue tiketi na viza mwenyewe alafu wakurudishie baada ya miezi. Kabla hujasaini uliza: mnalipa kabla au baada, kwa akaunti ya dola au ya shilingi, na posho ya kwanza inaingia siku gani? Kama huna hiyo pesa waambie wazi uombe wanunue tiketi wao, mara nyingi wanakubali ila hawasemi mpaka uulize. Na kila risiti, hata ya boda, iandikwe tarehe na uipige picha siku hiyo hiyo, zile karatasi zinafutika wino ndani ya mwezi mmoja.